Wiki Moja Patmo na Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Aprili. Buffalo

Nimetoka shifti, nimeoga, nimelala kidogo, nimeamshwa na kelele za Esteri. Anapima masanduku sebuleni na kuyagombeza kama yana masikio. Unga wa muhogo. Samaki wakavu. Mawese ndani ya chupa ya juisi, imefungwa seloteipu mpaka shingoni. Nimemuuliza mke wangu kama Wagiriki hawali. Amesema wanakula, ila hajui wanakula nini.

Theluji ya mwisho bado iko kando ya barabara, nyeusi kama makaa. Jirani ameuliza tunakwenda wapi. Nimesema Ugiriki. Amecheka. Nimemwacha acheke.

Safari ni wazo la Furaha, shemeji yangu wa Columbus. Majira yote ya baridi alikuwa kwenye simu akitafuta nyumba ya bei ya kabla ya msimu, na kisiwa alichokipata ni Patmo. Patmo yenyewe, ya Ufunuo, alikofungwa Yohana. Mama mkwe amesema miaka mingi kwamba akifa hajaiona Patmo kuna mtu atalaumiwa. Hajawahi kutaja ni nani.

Hiyo ni sababu ya mdomoni. Ya moyoni ni nyingine. Mama anaishi Louisville na Yakobo, kaka wa Esteri. Yakobo amepata kazi ya kuendesha lori kubwa, kuanzia Mei atakuwa barabarani wiki nzima nzima. Mama hawezi kubaki peke yake, magoti yamechoka. Furaha ana chumba kimoja juu ya ngazi. Tumebaki sisi. Sisi tuna nyumba, na chini kuna chumba nilichokipaka rangi mwenyewe, ya manjano, maana anaipenda.

Mama hataki. Kwa mkwe hakai. Amesema afadhali wampeleke nyumba ya wazee. Esteri anafanya kazi nyumba ya wazee. Siku aliyosikia hilo alilia mpaka nikachemsha chai mbili na zote zikapoa.

Mpango wa Furaha: tukae wiki moja chini ya paa moja, Mama azoee, kisha atoe jibu.

Nataka akubali. Naandika hivyo bila kuzunguka. Mama yangu alibaki kaburini, kambi ya wakimbizi Tanzania, nikiwa kijana. Nyumba yangu haina mkubwa wa kuniambia nimekosea. Esteri ananiambia kila siku, lakini si kitu kimoja.

Jumatatu, 6 Aprili. Columbus

Tumeendesha tangu asubuhi. Furaha anakaa Clintonville, mtaa wa miti mingi na mbwa wengi kuliko watoto. Gari la Louisville lilitutangulia. Kwa hiyo Mama alikuwa ndani tayari, na mimi nikabaki kwenye maegesho.

Binti yetu Neema ana miaka tisa, sasa anaanza kuona mambo. Ameuliza kwa nini siingii. Nimemweleza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono. Hawali wakionana. Hawapishani mlangoni, hawachangii bafu. Mama akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa mtu. Tangu nimuoe Esteri haijawahi kuwa vingine. Si chuki, ni heshima, na hakuna heshima kubwa kuipita.

Neema amejibu kwa Kiingereza kwamba ni mambo ya ajabu. Nimemwambia akamuulize bibi yake. Akapanda, akashuka.

"Bibi amesema baba yako ni mtu mzuri, ndiyo maana simuangalii."

Nimefurahi zaidi ya inavyompasa mtu mzima.

Yakobo ameniletea chai garini, anacheka peke yake. "Bon, shemeji, hapa uko na parking. Ku kisiwa utalala wapi, ku bahari?"

Nalala kwa kijana wa kanisani anayesoma chuo kikuu, hapa karibu. Kitanda chake kimejaa vitabu. Kochi lake pia.

Alhamisi, 9 Aprili. Patmo

Ndege. Ndege nyingine. Meli. Juu ya ndege sitaki kuandika. Mama aliwekwa kiti cha mbele yangu kabisa, nikabadilishana na bwana mmoja aliyekaa karibu na choo. Alinishukuru kwa lugha tatu. Kwenye meli wao walikaa ndani, mimi nje. Upepo umenikausha kama wale samaki wa Esteri.

Kisiwa ni kizuri. Niseme ukweli, ni kizuri sana. Nyumba nyeupe, milima ya mawe, maua ya njano kila ufa. Nyumba yetu iko pembeni ya ghuba ndogo na ni ileile ya kwenye picha. Ila picha haikuonyesha kwamba bafu ni moja. Meza ni moja. Vyumba vina mapazia, milango hakuna. Furaha aliangalia miguu yake. Mama aliketi juu ya sanduku lake uani na kusema, kwa sauti ya kumwambia kila mtu, kwamba anaweza kulala hapohapo, Yohana alilala pangoni.

Nikazunguka nyumba. Nyuma kuna banda la mwenye nyumba, Bi Irini, mjane mwenye mgongo ulionyooka kama askari. Banda limejaa viti vya ufukweni na miavuli, kwa vile wageni bado hawajaanza kuja. Nikamwomba kwa mikono. Akakataa. Alidhani nimefukuzwa na mke. Akanipigapiga shavu, akanionyesha nyumba, akamwonyesha Esteri, akafanya ishara ya kuomba msamaha. Nikaendelea kuonyesha banda. Mwisho akanipa ufunguo, na uso wa huzuni.

Kwa hiyo mtu ametoka Buffalo kuja likizo Ugiriki na analala kati ya miavuli. Naoga kwa bomba la nje. Maji yake yana ubaridi wa Ziwa Erie.

Lakini nimelala usingizi mzito. Hakuna mashine, hakuna king'ora.

Ijumaa, 10 Aprili

Kila kitu kimefungwa. Sisi tulifanya Pasaka Jumapili iliyopita, tukaimba tukamaliza. Yao ni Jumapili hii. Leo ni Ijumaa Kuu. Furaha hakujua. Mkahawa mmoja una watu, lakini wanapaka viti rangi. Buchani nyama zinaning'inia na hakuna anayeuza. Tumekula ugali na samaki wakavu. Esteri alinipakulia taratibu, aone uso wangu.

Asubuhi tulikwenda pangoni. Mama alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Ngazi za mawe, nyingi. Esteri mkono huu, Furaha mkono ule, mimi nyuma kwa mbali kama mlinzi wa waziri. Aliingia na watoto wake. Mimi na Neema tukangoja nje, zamu yetu baadaye.

Alipotoka uso ulikuwa umelowa na alikuwa anaimba. Wimbo wa kwetu, sauti ya chini. Mtawa mmoja alisimama akampisha, akavua kofia. Nilitamani mama yangu angeona.

Kisha goti likakataa. Esteri na Furaha walikuwa wamerudi ndani mara moja kuchukua mkoba, Yakobo alikuwa juu anapiga picha. Mtu wa karibu nilikuwa mimi. Nilikimbia. Nikafika umbali wa mkono, nikasimama. Mikono mbele, haina kazi. Yeye akakaa juu ya jiwe, ameshika goti, ameangalia pembeni ili asinione. Mimi nimeangalia pembeni ili nisimuone. Mpaka Yakobo aliposhuka.

Hakuumia. Lakini nimekasirika, na mpaka sasa naandika nina hasira. Heshima gani inamwacha mama mzima juu ya jiwe?

Esteri amekuja bandani na jibu la Mama. Hakuniangalia alipolisema. Mama amesema leo kila mtu ameona kwa nini hawezi kuja Buffalo. "Siku nitaanguka ku bafu, mko kazini, nani ataniinua? Mkwe atasimama ku mlango anaomba?"

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeamka na akili mpya. Niiandike yote, hata sehemu ya aibu.

Kwetu kuna njia ya kulegeza mwiko. Mkwe analeta mbuzi. Mama mkwe anampokea, anampika, anampa mkwe kipande kwa mkono wake. Baada ya hapo wanaweza kukaa chumba kimoja, na mtu akianguka anainuliwa. Mimi sikuwahi. Kambini mbuzi ningemtoa wapi, na Buffalo ningemfunga wapi? Kwenye nguzo ya basi? Lakini hapa milima imejaa mbuzi. Nimesema Mungu ametuleta mahali penyewe.

Nikaenda na Yakobo. Mchungaji wa mbuzi alicheka alipotuelewa. Kesho ni Pasaka, mbuzi wote wana wenyewe. Alibaki mmoja mwembamba, pembe moja, macho ya kiburi. Tukamchukua.

Nimemvuta kwa kamba katikati ya kijiji. Sijawahi kusalimiwa vile. Wazee walinyanyuka kwenye viti. Mmoja alinionyesha kwa vidole jinsi ya kukamulia limau. Waliona hatimaye mgeni mwenye akili timamu.

Nikamfunga getini. Yakobo akasimama kama mjomba wa ukoo, na miwani ya jua usoni, akatangaza kwa sauti kwamba mkwe amefika na ana neno. Mama akatokea dirishani. Akamwangalia mbuzi kwa muda mrefu. Akafunga dirisha.

Jibu limeletwa na Esteri. Nalinakili lote maana sitaki kulisahau.

"Mumuambie amurudishe. Ku kambi hatukukuwa na kitu. Nyumba haiko, shamba haiko, jina yangu hakuna mtu aliijua. Lakini huyu mkwe, kijana bado, akiniona anatoka ku njia. Watu wote wakaona mi ni mama wa watu. Na huku Amerika, ku dukani wananisukuma na kigari, hata pardon hawasemi. Ni mkwe tu ananiheshimu sawa vile zamani. Leo analeta mbuzi nilegeze? Nitabakia na nini?"

Nimekaa chini karibu na mbuzi. Sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja. Nilidhani anaubeba mwiko kama mzigo. Kumbe anauvaa.

Nimeona haya. Na pia sijui tena la kufanya. Akiuacha mwiko, anakosa heshima yake. Akiushika, anakwenda kwa wazee wasiojua hata lugha yake. Esteri amekaa nami. Wakati huo mbuzi amekula mkanda wa kiti cha ufukweni. Nimempa Bi Irini mbuzi mzima, kwa ajili ya kiti na kwa ajili ya kila kitu. Amenibusu mashavu yote mawili na kuita watu.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka ya pili mwaka huu. Kama mbingu zinahesabu, tumejitahidi.

Mtoto wa Bi Irini alikuja tangu asubuhi na dada zake na waume zao, wakawasha moto uani. Mbuzi wangu kwenye chuma, anazunguka pamoja na kondoo wao. Aliyekuwa mwembamba akiwa hai, kwenye moto alikuwa wa heshima. Harufu ilifika mpaka bandani, nikavaa shati la kanisani.

Meza ndefu, chini ya mzabibu ambao bado hauna majani. Mayai mekundu kwenye bakuli. Bi Irini alipanga watu mwenyewe, kwa kuvuta mkono. Akamvuta Mama akamkalisha. Akanivuta mimi. Nilijaribu kukaza miguu. Yule mama ana nguvu za mtu wa bandarini. Akanikalisha mbele ya Mama kabisa, uso kwa uso, sahani zetu zinagusana.

Tulinyanyuka wakati mmoja. Kiti changu kikaanguka. Mama akajifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni. Hata aliyekuwa anazungusha chuma aliacha kuzungusha.

Bi Irini alibaki na kijiko mkononi. Alidhani tuna ugomvi, na tumeuleta kwenye Pasaka yake. Macho yakamjaa. Furaha akatoa simu ili itafsiri. Simu ikasema kitu kwa Kigiriki, wanaume wakacheka wakashikana mabega, Bi Irini akazidi kuhuzunika. Sijui ilisema nini na sitauliza.

Ni Neema aliyetuokoa. Alimshika Bi Irini mkono. Akanionyesha mimi, akamwonyesha bibi yake, akafumba macho yake kwa viganja. Kisha akaweka viganja hivyo kifuani na kuinama, taratibu, kama anavyofundishwa kanisani. Akarudia. Bi Irini akamwangalia. Akaniangalia. Akaangalia banda langu la miavuli, na nikaona uso wake unafunguka. Alielewa siku zote zile kwa mara moja.

Akaenda kwenye kamba ya nguo. Akatoa shuka la maua. Wakwe zake wakafunga kamba toka nguzo hii mpaka ile, juu ya meza, na shuka likashuka katikati ya sahani. Mama upande ule, mimi upande huu. Meza moja.

Nimekula meza moja na mama mkwe wangu. Naandika tena. Meza moja.

Nilikuwa naona viatu vyake tu. Nilikuwa nasikia anavyosifu nyama, anauliza kwa nini ndimu nyingi, anamwambia Yakobo asiongee na chakula mdomoni. Vitu ambavyo watu wengine wanavisikia kila siku kwa mama zao. Mabakuli yalipita chini ya shuka. Kisha likapita yai jekundu, limeshikwa na vidole vyake, ncha imenielekea. Wenyeji walikuwa wamemfundisha mchezo wao wa kugonganisha. Nikachukua langu. Nikagonga. Langu likapasuka, lake halikupata hata ufa.

Alicheka. Sijawahi kukisikia kicheko cha Mama karibu namna hiyo. Ni kicheko cha Esteri kabisa.

Halafu tukasikia anaweka kijiko chini.

"Esteri. Muambie mkwe. Siku nitaanguka, anibebe. Lakini afumbe macho."

Esteri hakuweza kuniambia, alikuwa analia. Akasema Furaha. Akasema na Yakobo pia, kila mtu alitaka kunifikishia, kana kwamba sikuwa nusu mita kutoka pale.

Nikasema: mwambieni Mama nitafumba.

"Na ile shuka," akasema Mama, "ku Buffalo iko?"

Alhamisi, 16 Aprili

Njiani. Meli, ndege. Bi Irini alitupa shuka, Mama akakataa, akasema lina kazi ya kufanya hukohuko Patmo. Jana nimeoga baharini. Nimetoka haraka kuliko nilivyoingia. Esteri amelala begani kwangu, mdomo wazi. Sijisogezi.

Jumamosi, 25 Aprili. Louisville

Tumehamisha vitu vya Mama. Kitanda, sufuria, cherehani, mche wa pilipili anaoulea kwenye kopo la rangi. Wamama wa kanisa walikuja kumsindikiza, wakaimba kwenye ngazi mpaka majirani wakafungua madirisha. Walimpa vitenge. Mama hakulia. Yakobo alilia, nyuma ya gari, akasema ni vumbi. Sikumtania. Nilitaka, lakini sikumtania.

Mama kwenye gari la Esteri. Mimi kwenye gari la mizigo, nyuma yao, njia yote. Columbus tulisimama, Furaha akatupa chakula dirishani. Mvua kidogo. Nimeendesha nikiimba.

Jumatatu, 4 Mei. Buffalo

Wiki ya kwanza imepita. Mlango wa pembeni ni wake. Bafu la chini ni lake. Nimeweka pazia kati ya jiko na korido, zito, limefika sakafuni.

Leo Esteri alikuwa kazini na Neema shuleni. Mimi shifti ya mchana. Mara ya kwanza tunabaki wawili ndani ya nyumba. Nilikaa koridoni kwenye kigoda, navaa viatu vya kazi, naona haya hata kufunga kamba. Jikoni sufuria zilikuwa zinaongea. Harufu ya sombe, majani ya muhogo.

Sahani ikasukumwa chini ya pazia, imefunikwa vizuri. Nikaichukua. Nikangoja nisikie hatua zake zikiondoka. Hazikuondoka. Alikuwa amesimama palepale upande wa pili. Hakukuwa na mtu wa kumtuma.

Alikohoa kidogo.

"Mkwe. Chumvi imetosha?"

Ni neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. Nilikuwa sijaonja. Nikaonja haraka, kijiko kikagonga meno.

"Imetosha, Mama."

"Bon," akasema, akarudi jikoni.

Alisahau chumvi kabisa. Nimemaliza sahani yote.